Kutafuta kwa maneno au kuweka lebo? Mwongozo kamili wa kuyapata mafaili yako

Mkaguzi anapofika kwenye chama cha akiba na mikopo, maombi yake huwa ya aina mbili. Atasema, "Naomba muhtasari wa kikao kilichoidhinisha ununuzi wa jenereta." Baadaye atasema, "Naomba mikopo yote iliyodhaminiwa kwa kiwanja." Ombi la kwanza katibu hulimaliza kwa kuandika "jenereta" kwenye kisanduku cha kutafutia. La pili laweza kumkalisha mpaka jioni, na bado asiwe na hakika kama ametoa yote.

Kompyuta ni ileile na mafaili ni yaleyale. Tofauti iko kwenye swali. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuamua, kwa kila aina ya faili uliyo nayo, kama utegemee kutafuta kwa maneno au ujipe kazi ya kuweka lebo. Mfano wangu mkuu ni ofisi ya SACCOS kwa sababu ina karibu kila kitu: mihtasari iliyochapwa, fomu zilizoskaniwa, picha za WhatsApp, risiti, ujumbe wa sauti. Mwalimu mwenye mitihani ya miaka mingi, mfanyabiashara mwenye ankara zake, au familia inayotunza hati za shamba, wote watayakuta mambo yao humu.

Msimamo wangu nautaja mapema. Watu wengi huweka lebo nyingi mno mahali ambapo kutafuta kungetosha, halafu hawaweki hata moja mahali ambapo kutafuta hakuwezi kufua dafu. Na sisi tunaoandika Kiswahili tuna tatizo la ziada ambalo programu nyingi hazikutengenezwa kulitatua: maneno yetu hubadilika mwanzoni. Nitakaa hapo kwa muda, maana ndipo kazi kubwa ilipo.

Kwanza, kila njia inavyofanya kazi

Programu ya kutafuta haisomi mafaili yako pale unapobonyeza kitufe. Ilishayasoma zamani, ikatengeneza faharasa kama ile ya mwisho wa kitabu: neno, kisha orodha ya mafaili yote lilimo. Ukiandika "jenereta", inafungua faharasa tu, ndiyo maana jibu linakuja papo hapo. Matokeo yake ni kwamba neno lisiloingia kwenye faharasa kwa kompyuta halipo kabisa, hata kama wewe unaliona kwa macho yako kwenye skrini.

Lebo ni neno unalolibandika wewe kwenye faili. Faili hukaa kwenye folda moja, lakini linaweza kubeba lebo kadhaa: fomu moja ikawa ya "mkopo", ya "kiwanja" na ya "ukaguzi" kwa wakati mmoja. Gmail ilipoanza Aprili 2004 iliachana na folda ikaleta lebo pamoja na kisanduku cha kutafutia. Kompyuta za Mac zilipata lebo za maneno kwenye mafaili mwaka 2013. Udhaifu wa lebo ni mmoja tu, nao ni mkubwa: usiyoiweka haipo.

Kwa hiyo gharama zinalipwa kwa nyakati tofauti. Kutafuta hakukugharimu kitu siku ya kuhifadhi, ila huenda kukakutoza siku ya kuhitaji. Lebo inakutoza leo, kila faili, kwa faida ya siku ambayo huenda isifike.

Hatua ya 1: Andika maswali yako, usianze na mafaili

Chukua karatasi. Kwa wiki moja au mbili, kila unapotafuta faili, andika ulichokuwa nacho kichwani wakati huo. Usiandike jina la faili. Andika kile ulichokikumbuka. "Barua ya benki kuhusu riba." "Picha ya ile pikipiki iliyowekwa dhamana." "Kila kitu kuhusu mgogoro wa mpaka." "Mkataba wa fundi, ule uliosainiwa, si rasimu."

Kisha pitia orodha na uulize maswali mawili kwa kila mstari.

La kwanza: neno nililolikumbuka limo ndani ya faili lenyewe? Barua ya benki kuhusu riba karibu hakika ina neno "riba". Picha ya pikipiki haina neno lolote.

La pili: nilitaka faili moja, au nilitaka yote ya aina hiyo? Ukitafuta moja, kosa linajionyesha lenyewe, kwa sababu hukulipata na unajua hukulipata. Ukitafuta yote, kosa halionekani. Unapata kumi na mbili, unaridhika, na huna namna ya kujua kwamba mengine tisa yamebaki.

Hili la pili lina ushahidi mzito. Mwaka 1985 watafiti wawili wa Marekani, David Blair na M. E. Maron, walichapisha jaribio lao juu ya mfumo wa kutafuta maneno uliokuwa na hati karibu 40,000 za kesi moja kubwa. Mawakili waliokuwa wakiutumia waliamini wamepata angalau robo tatu ya hati walizozihitaji. Zilipochunguzwa, walikuwa wamepata kama asilimia 20 kwa wastani. Mawakili hao hawakuwa wazembe. Jambo moja liliandikwa kwa maneno mengi: palipotokea ajali, mmoja aliandika "ajali", mwingine "tukio", mwingine "tatizo" au "hali ile". Nani angekumbuka kutafuta "hali ile"?

Ukishajibu maswali hayo mawili, uamuzi unakuwa mwepesi. Neno limo na unataka moja: tafuta, usiweke lebo. Neno halimo: weka lebo, hakuna njia nyingine. Neno limo lakini unataka yote bila kukosa hata moja: weka lebo kwa mambo machache ambayo kukosa kwake kuna madhara, kama dhamana, migogoro na madeni, na mengine yaachie utafutaji.

Hatua ya 2: Jua mafaili gani yana maandishi kweli

Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. PDF iliyotoka kwenye Word na PDF iliyotoka kwenye skena zinafanana kwa macho. Ya kwanza ina maandishi, ya pili ni picha ya karatasi. Jaribu hivi: fungua faili, shika neno moja kwa kipanya kama unayetaka kulinakili. Likikubali kushikika, lina maandishi. Likichagua ukurasa mzima au lisichague kitu, ni picha.

Ukikuta ni picha, kuna programu za kusoma maandishi kwenye picha na kuyaweka ndani ya faili. Ya bure na ya kuaminika ni Tesseract, ambayo ilianzia kwenye maabara za HP ikafanywa programu huria mwaka 2005, na ina data ya lugha ya Kiswahili kwa alama ya swa. Ukiwa na mtu anayejua kidogo mstari wa amri, OCRmyPDF huitumia Tesseract hiyo kugeuza PDF ya skena kuwa PDF inayotafutika bila kubadili sura yake:

`ocrmypdf -l swa+eng fomu.pdf fomu-inasomeka.pdf`

Hiyo swa+eng ni muhimu kwa hati zetu, kwa sababu fomu nyingi zimechanganya lugha mbili. Asiyetaka mambo ya amri anaweza kupakia picha kwenye Google Drive na kuifungua kwa Google Docs. Maandishi yatatolewa chini ya picha.

Usitegemee miujiza. Mwandiko wa mkono unasomwa vibaya. Risiti za karatasi ya joto hufifia, kwa hiyo ziskani zikiwa mpya. Na herufi zinazogusana hupotoshwa: m iliyofifia huweza kusomwa kama r na n, na katika Kiswahili m ndiyo inayoanza maneno mengi kuliko unavyodhani. "Mkataba" uliosomwa "rnkataba" hautaupata kwa kutafuta "mkataba". Kwa fomu za mkopo, ambazo nyingi zimejazwa kwa kalamu, mimi nasema moja kwa moja: zichukulie kama picha, ziwekee lebo.

Picha, sauti na video zote zinaingia kundi hilohilo. Faili linaloitwa IMG-20240312-WA0007.jpg linakuambia lilipita WhatsApp, tarehe yake, na namba ya mpangilio. Basi.

Hatua ya 3: Hakikisha utafutaji wenyewe umewashwa

Kwenye Windows 11, mipangilio ya utafutaji ina chaguo mbili. Classic inaingiza kwenye faharasa maeneo machache tu, kama Documents, Pictures, Music na Desktop. Enhanced inaingiza kompyuta nzima. Ofisi nyingi huhifadhi mafaili kwenye diski ya D kwa hofu ya C kuharibika, halafu wanashangaa kwa nini kutafuta hakuoni kilichomo ndani ya hati. Chagua Enhanced, au bakia na Classic na uongeze folda ya D kwa mkono. Iache kompyuta ikiwa kwenye umeme usiku mmoja, maana mara ya kwanza kazi huwa nzito. Baada ya hapo, katika mipangilio ya juu zaidi ya faharasa, angalia kama aina ya pdf imewekwa kusoma yaliyomo na si sifa za faili peke yake.

Mac haihitaji maandalizi mengi. Kwenye Linux, Recoll inafanya kazi nzuri sana. Kwenye simu, programu nyingi za mafaili zinatafuta majina tu, kwa hiyo hati unazozihitaji ukiwa njiani ziweke pia kwenye Drive, ambako yaliyomo nayo yanatafutwa.

Kisha fanya jaribio. Chagua neno la ajabu ambalo unajua limo katikati ya hati fulani, litafute. Lisipoonekana, usiendelee na hatua zinazofuata mpaka umejua sababu.

Hatua ya 4: Tafuta kwa Kiswahili, siyo kama mtu wa Kiingereza

Programu nyingi hulinganisha ulichoandika na mwanzo wa neno. Kwa Kiingereza mbinu hiyo inatosha, kwa sababu umoja na wingi hutofautiana mwishoni: ukiandika "loan" unapata na "loans". Kwetu wingi uko mbele. Ukiandika "mkopo" hupati "mikopo". Ukiandika "kiwanja" utapata "kiwanjani", kwa sababu badiliko liko nyuma, lakini hupati "viwanja".

Tuliangalie neno moja kwa karibu. Katibu anatafuta habari zote za wadhamini. Ndani ya hati za chama chake neno hilo linaweza kuwa limeandikwa mdhamini, wadhamini, udhamini, dhamana, kudhamini, amedhamini, waliomdhamini, aliyedhaminiwa. Hayo ni maneno manane, na mianzo yake yote ni tofauti. Kutafuta "mdhamini" kutampa sehemu ndogo tu, na programu haitamwonya.

Zipo njia za kupunguza tatizo:

Andika umoja na wingi pamoja, ukiunganisha kwa OR kwa herufi kubwa: `mdhamini OR wadhamini OR dhamana`. Inafanya kazi kwenye Windows, Gmail na Drive.

Tumia programu inayokubali kipande cha neno. Kwa majina ya mafaili kwenye Windows, Everything ya voidtools ni ya bure na ina kasi ya ajabu. Ukiandika "dhamin" inakuletea mdhamini, wadhamini na udhamini bila kuuliza. Kwa yaliyomo ndani, Recoll hukubali nyota mbele na nyuma, yaani `*dhamin*`, ingawa huchukua muda zaidi. Angalia shina vizuri: "dhamin" haitaileta "dhamana", na "kopo" itakuletea mkopo na mikopo lakini si wakopaji, wala kukopa.

Pendelea nomino zisizobadilika. Hati, barua, risiti, dhamana, ankara, fomu, riba: hizi umoja na wingi ni uleule. Ukiwa na hiari ya neno la kutafutia, anza nazo.

Vitenzi viache. Kiambishi cha nafsi, cha njeo, cha urejeshi, vyote vinakaa mbele ya shina, na huwezi kukisia ni kipi mwandishi alitumia.

Njia iliyo imara kuliko zote ni kutafuta vitu visivyo na ngeli: namba ya mwanachama, namba ya kiwanja, kiasi cha fedha, namba ya hundi. Majina ya watu yanafaa pia, ila tahajia zake hutofautiana. Said na Saidi, Mohamed na Muhammad, mtu mmoja huweza kuandikwa kwa namna tatu katika daftari moja. Namba ya uanachama haina tatizo hilo. Kama ofisi yako bado haiandiki namba ya mwanachama kwenye kila hati inayomhusu, anza leo. Ni badiliko dogo litakalokusaidia kuliko programu yoyote.

Neno kuhusu ng'ombe, ng'ambo na wenzake. Kuna alama mbili za ritifaa kwenye kompyuta, iliyonyooka na iliyopinda, na Word hubadilisha ya kwanza kuwa ya pili bila kukuambia. Kwa programu fulani hayo ni maneno mawili tofauti. Usipopata kitu, jaribu ile nyingine.

Na tusisahau kwamba ofisi nyingi zinaandika lugha mbili. Muhtasari wa mwezi huu ni wa Kiswahili, ripoti ya mfadhili ni ya Kiingereza, na zote zinazungumzia mkopo uleule. Hakuna utafutaji wa maneno utakaoziunganisha hizo mbili kwa neno moja. Lebo inaweza.

Hatua ya 5: Tengeneza orodha fupi ya lebo

Mwaka 1987 George Furnas na wenzake walionyesha kwamba watu wawili wakiombwa wakitaje kitu kilekile kwa neno lao wenyewe, uwezekano wa kuchagua neno moja ni chini ya 1 kati ya 5. Kwa hiyo ukiwaacha karani, mhasibu na mwenyekiti kila mmoja aweke lebo anayoipenda, baada ya mwaka utakuwa na "dhamana", "mdhamini", "rehani", "kiwanja" na "ardhi" kwa jambo moja. Orodha lazima iwe moja, iandikwe, na mtu mmoja awe na mamlaka ya kuiongeza.

Iwe fupi. Kwa ofisi ndogo, lebo ishirini au thelathini zinatosha. Ukiona inapita hapo, rudi kwenye karatasi ya hatua ya 1 na ufute kila lebo ambayo haijibu swali ulilowahi kuuliza. Futa pia kila lebo inayorudia neno lililomo ndani ya hati zenyewe, isipokuwa kwa yale mambo machache unayoyataka yote bila kukosa hata moja. Lebo ya "kikao" kwenye mihtasari ya vikao ni kazi bure.

Ziweke katika makundi matatu. Aina: muhtasari, mkataba, fomu, barua, risiti, picha, sauti. Jambo: dhamana-kiwanja, dhamana-chombo, mgogoro, ukaguzi, jengo. Hali: rasimu, saini, deni.

Zingatia mambo haya unapozichagua:

Tumia umoja siku zote. Mkataba, kamwe mikataba. Ukichanganya, umelirudisha tatizo la hatua ya 4 ndani ya dawa yake.

Usitumie vitenzi kwa hali ya faili. Hili huwanasa hata watu makini. Mkataba umesainiwa, fomu imesainiwa, kibali kimesainiwa, makubaliano yamesainiwa. Ukiweka lebo inayofuata upatanisho wa kisarufi, utakuwa na lebo nne kwa hali moja. Weka "saini", nomino, basi. Vivyo hivyo "deni" badala ya hajalipa, haijalipwa, hawajalipa.

Lebo za hali ziwe chache kupita zote, kwa sababu zinapitwa na wakati. Aliyelipa deni lake Juni hapaswi kubaki na lebo ya "deni" mpaka Desemba. Kama huna mtu wa kuzibadilisha, usiziweke. Hali ya deni ina mahali pake, ambapo ni leja.

Ziandike zote kwenye faili moja linaloitwa ORODHA YA LEBO, kila moja na maelezo ya mstari mmoja: inatumika kwa nini, haitumiki kwa nini.

Hatua ya 6: Amua lebo zitakaa wapi

Hapa kuna mtego ambao hauonekani mpaka siku ya kuhamisha kompyuta.

Lebo za Mac hukaa kwenye taarifa za ziada za mfumo, nje ya yaliyomo ndani ya faili. Ukituma faili kwa barua pepe, lebo hubaki nyuma. Windows inakuruhusu kuweka lebo kwenye picha za JPEG na hati za Word, nazo huingia ndani ya faili lenyewe, lakini PDF na faili la maandishi matupu hazikubali. Picha ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa ukubwa na kuvuliwa taarifa zake zote za ndani. Ikitumwa kama hati, inafika nzima. Maelezo unayoyaandika kwenye Google Photos hubaki huko, hayaingii kwenye picha.

Lebo pekee inayosafiri kila mahali, kwenye flashi, barua pepe, simu ya Android, kompyuta ya zamani ya ofisi ya kata, ni ile iliyomo kwenye jina la faili. Kwa ofisi ndogo naipendekeza hiyo bila kusita. Mfano:

`2024-03-12 fomu mkopo 0147 dhamana-kiwanja saini.pdf`

Tarehe imeanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili mafaili yajipange yenyewe kwa mfuatano. Mkwaju hautakubaliwa na Windows kwenye jina, kwa hiyo 12/3/2024 sahau. Kisha aina, jambo, namba ya mwanachama, lebo. Tenganisha kwa nafasi au kistari. Mstari wa chini, huu `_`, uepuke: programu nyingi za kutafuta huuhesabu kama sehemu ya neno, ikawa `fomu_mkopo_kiwanja` ni neno moja refu, na ukitafuta "kiwanja" hulipati.

Jambo moja la heshima kwa watu. Jina la faili linaonekana na kila anayepita nyuma ya kiti chako. Ugonjwa wa mwanachama, kesi yake ya ndoa, sababu ya kushindwa kulipa: hayo hayaandikwi kwenye jina. Tumia namba ya uanachama, na siri ibaki ndani ya faili lenye nywila.

Mwenye picha kwa maelfu, kama mpiga picha au ofisi ya ardhi, atahitaji zaidi ya jina. Kwake nashauri digiKam, ya bure, yenye mpangilio wa kuandika lebo ndani ya picha zenyewe. Hakikisha mpangilio huo umeuwasha, la sivyo lebo zitabaki kwenye hifadhidata ya programu peke yake.

Hatua ya 7: Anza na ya leo, ya zamani yaache yaje yenyewe

Usifungue folda ya 2015 ukaanza kuweka lebo faili moja moja. Kazi hiyo huishia njiani, na lebo nusu ni hatari kuliko kutokuwa nazo, kwa sababu zinakupa imani ya uongo kwamba umepata yote.

Chagua tarehe, tuseme tarehe 1 ya mwezi ujao. Kuanzia hapo, kila faili jipya linapata jina kamili siku linapoingia. Ujumbe wa sauti wa mwenyekiti unapewa jina siku hiyohiyo, kabla haujazama kati ya salamu za asubuhi. Mafaili ya zamani yapitishe kwenye programu ya kusoma maandishi, kisha yaachie utafutaji. Kila unapolazimika kulifungua la zamani, lipe jina jipya kabla ya kulifunga. Baada ya muda utakuta yale yanayotumika kweli yote yameshapangwa, na yaliyobaki ni yale ambayo hakuna aliyeyauliza.

Isipokuwa kundi moja. Hati za dhamana, mikataba na hati za umiliki, hata za zamani, zipitie zote kwa mpigo mmoja. Hizo ndizo utakazoulizwa "zote", na ndizo ambazo kukosa moja kunaweza kukipotezea chama fedha au mwanachama kiwanja chake.

Kwenye ORODHA YA LEBO andika tarehe mliyoanza. Anayetafuta "dhamana-kiwanja" ajue matokeo yake ni kamili kuanzia lini.

Hatua ya 8: Mpe mwingine ajaribu

Mfumo unaoufahamu wewe peke yako utaondoka na wewe. Chukua maombi matano kutoka kwenye karatasi ya hatua ya 1, mpe mwenzako wa ofisini, keti pembeni, usimsaidie. Andika neno la kwanza analoliandika kwenye kisanduku. Kama yeye anaandika "rehani" na orodha yako ina "dhamana-kiwanja", usibishane naye. Ongeza kwenye ORODHA YA LEBO mstari unaosema: rehani, tazama dhamana-kiwanja.

Mwisho fanya jaribio la kuhama. Nakili mafaili machache yenye lebo kwenye flashi, uyafungue kwenye kompyuta nyingine ya aina tofauti, uyatafute kwa lebo zake. Yasipoonekana, lebo zako ni mali ya programu, na ni bora ulijue hilo ukiwa na mafaili hamsini kuliko ukiwa na elfu tano. Zihamishie kwenye majina, chapisha ORODHA YA LEBO kwenye karatasi, na uiambatanishe na daftari la makabidhiano la katibu.